Siku Moja Tukiwa Wageni

Je, ni halali kwa usharika ambao paa la kanisa lake halijakamilika kutumia siku nzima, pamoja na fedha za washarika, kwenda kutazama maziwa na maporomoko ya maji? Swali hili liliulizwa katika baraza letu la wazee mwaka jana, na aliyeliuliza hakuwa mtu wa mzaha. Ni mzee wa kanisa aliyetumika kwa miaka mingi, ambaye hesabu za sadaka zikiwa mikononi mwake kila mtu hulala usingizi. Alisema, "Mchungaji, ziwa lipo na mlima upo. Vilikuwapo kabla yetu na vitakuwapo. Bati ndilo halipo." Wengine walicheka, lakini wote tulijua kwamba amesema neno zito.

Walioomba safari ile walikuwa akina mama. Walikuwa wamejiwekea akiba yao wenyewe kwa kuuza maharage na maandazi, wala hawakugusa sadaka hata shilingi moja. Ombi lao lilikuwa dogo: siku moja tu, wakiongozwa na kijana wa usharika ambaye kazi yake ni kuongoza watalii, waone Ziwa Manyara kutoka juu, wafike kijiji cha kale cha Engaruka, kisha maporomoko ya Engare Sero na Ziwa Natron, na kurudi usiku. Baada ya mjadala mrefu baraza lilikubali, kwa sharti kwamba wazee wawili waende pamoja nao. Yule aliyepinga akachaguliwa kuwa mmojawapo.

Msomaji asiyetujua aelewe kwanza mahali tunapoishi. Sisi watu wa Karatu tunakaa kando ya barabara ya watalii. Kila asubuhi magari hupita mbele ya makanisa yetu yakielekea lango la Ngorongoro, na kila jioni hurudi yakiwa na vumbi. Vijana wetu huyaosha magari hayo, binti zetu hutandika vitanda vya hoteli, wakulima wetu huuza mboga jikoni kwao. Watu hutoka Ulaya na Marekani kuja kuona nchi yetu, nasi tulio wengi tumezeeka bila kuiona. Akina mama walipouliza, "Hivi uumbaji wa Mungu ni wa wageni peke yao?" hatukuwa na jibu.

Katika kikao kilekile kulikuwa na ajenda nyingine, nayo ilimalizika kwa dakika chache bila mtu kupinga. Ilihusu bomba la maji la kanisa. Kwa miaka kadhaa bomba hilo lilikuwa wazi kwa kila mtu. Kiangazi kilipokuwa kikali, majirani wa madhehebu mengine walichota, na wafugaji nao walikuja na punda wao kutoka mbali. Siku moja ng'ombe waliingia, wakakanyaga bustani na kuvunja bomba. Mwezi huohuo bili ya umeme wa pampu ikaja kubwa kuliko sadaka ya Jumapili. Baraza likaamua kufunga kufuli, na ufunguo ukae kwa mtunza hazina, watakaochota wawe washarika waliolipa mchango. Sisi wachungaji tuliunga mkono. Tulisema ni uwakili mwema, tukafunga kwa sala. Ndivyo ilivyokuwa: safari ya kutazama maji ilitusumbua dhamiri kwa saa mbili, na kufuli juu ya maji haikutusumbua hata kidogo.

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri, watu ishirini na sita katika Costa moja ya kukodi. Kulipoanza kupambazuka tulikuwa baada ya Rhotia, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, na Ziwa Manyara lote likaonekana chini yetu. Tulishuka, tukasimama kidogo kuimba pambio. Mama mmoja wa umri wa miaka sabini alisema kwamba amepita hapo mara nyingi akienda hospitali Arusha, lakini hajawahi kushushwa kwenye gari atazame. Tukaendelea hadi Mto wa Mbu, tukaiacha lami, tukashika njia ya kaskazini chini ya ukuta wa milima ya Ngorongoro.

Huko Engaruka kijana wetu alituambia jambo ambalo hatukulitegemea. Alisema kazi yake inaishia hapo, na kwamba kila mahali tutakapofika tutaongozwa na mwenyeji wa mahali pale. Akatukabidhi kwa kijana wa Kimaasai aliyekuwa akitusubiri. Kijana yule aliwakaribia wazee wetu, akainamisha kichwa ili aguswe, kama desturi yao inavyotaka. Mzee wetu ni Mwiraqw. Bibi na babu zake waliishi katika nyumba zilizochimbwa ndani ya ardhi, kwa sababu ya kuwaficha ng'ombe wasichukuliwe na Wamaasai. Alisita kidogo, kisha akaweka mkono juu ya kichwa kile. Hakuna aliyesema neno, na tukaanza kutembea.

Engaruka ni mahali pa mawe. Kuanzia yapata karne ya 15 hadi ya 18 watu waliishi hapo kwenye mteremko, wakijenga vijiji vyao juu ya matuta ya mawe, na chini yao wakalima mashamba yaliyomwagiliwa kwa mifereji. Eneo la mashamba yale linakadiriwa kuwa hekta 2,000 hivi. Walilima mtama mahali ambapo mvua peke yake isingetosha. Louis Leakey alifika kuchunguza mwaka 1935, na wengine wengi walimfuata. Hadi leo wataalamu hawajakubaliana kwa nini watu wale waliondoka. Wako wanaosema mito ilipungua, wako wanaosema udongo ulichoka, wako wanaotaja kuja kwa wafugaji. Wala haikubaliwi na wote kwamba wajukuu wao ni nani. Kijana alituambia kwamba wengine huwataja Wabatemi wa Sonjo, ambao hata sasa hulima kwa mifereji, na wengine huwataja Wairaqw. Aliposema hivyo alimtazama mzee wetu akatabasamu. "Mzee, huenda leo umekuja nyumbani, na mimi ndiye ninayekukaribisha."

Mzee hakujibu. Alikuwa ameinama juu ya mstari wa mawe ambao zamani ulikuwa mfereji. Ulikuja kutoka upande wa mto, ukagawanyika mara mbili, kila tawi likaenda kwenye shamba lake. Mtunza hazina wa kanisa huona mambo kwa jicho la mtunza hazina, naye akauliza swali lililokuwa moyoni mwake: "Sasa hapa, ufunguo alikaa nao nani?"

Kijana hakuelewa mwanzoni. Alipoelezwa, alisema kwamba habari za watu wa kale hawezi kuzisema, lakini wao wenyewe pale kijijini bado wanalima kwa maji ya mto uleule. "Mzee, mfereji hauna ufunguo," alisema. "Mfereji una zamu."

Tuliendelea na safari, na jua likawa kali. Mbele yetu ulisimama Oldoinyo Lengai, ambao kwa Kimaa maana yake ni Mlima wa Mungu, volkano iliyo hai ambayo mwaka 2007 na 2008 ilirusha majivu hadi wafugaji wa karibu wakahama na mifugo yao. Kwenye Costa watu waliimba. Ni mzee mmoja tu aliyekaa kimya.

Huko Engare Sero tulipata aibu ambayo ni vizuri tuiandike. Tulipokuwa tukishuka kwenda mtoni, tulikuta wanawake wa Kimaasai wakichota maji na kufua. Baadhi yetu tukatoa simu, tukaanza kupiga picha. Mama mmoja mtu mzima akasimama na dumu lake, akatuambia kwa Kiswahili safi, "Hamjasalimia." Ni neno hilo moja tu. Tuliona haya sana, maana sisi tunajua maumivu yake. Ni mara ngapi tumelalamika kwamba mtalii alifungua dirisha, akapiga picha watoto wetu wakitoka Shule ya Jumapili, akafunga dirisha bila kusema hata jambo? Kumbe ubaya ule haukutokana na rangi ya mtu wala utajiri wake. Sisi wenyewe, siku ya kwanza ya kuwa watalii, tulitenda vilevile kabla ya saa nane mchana. Tukaweka simu mfukoni, tukamwendea, tukamwamkia, tukamwomba radhi. Alicheka, akatuuliza tunatoka wapi, akawapa akina mama wetu nafasi ya kunawa kwanza.

Kutoka hapo tulipanda korongo kwa miguu, mara kwenye mawe, mara ndani ya mto wenyewe, akina mama wameshikana mikono na sketi wamezikunja magotini. Mwisho wa njia maji yanamwagika kutoka juu ya mwamba, mengine baridi, na pembeni chemchemi zenye uvuguvugu. Watu wazima walisimama chini ya maji wakicheka kama watoto. Yule mama wa miaka sabini alilia. Hatukumwuliza sababu.

Hapo, tukiwa tumeloa, mwenyeji aliyetuongoza alieleza kwamba maji haya hushuka kutoka nyanda za juu. Ni milima ileile, misitu ileile na ukungu uleule unaozilisha chemchemi za upande wetu wa Karatu. Mlima ni mmoja. Maji hutelemka upande huu kwa Wamaasai wa Engare Sero, na upande ule kwetu. Sisi hatukuupanda msitu ule, wala hatukuuita ukungu uje. Tulichoweka sisi ni pampu, na juu ya pampu kufuli.

Mahali pa mwisho palikuwa karibu na Ziwa Natron, ziwa la magadi ambamo heroe wadogo wa Afrika Mashariki huzaliana. Si mbali na ufuko huo, juu ya majivu ya volkano yaliyogeuka kuwa jiwe, zipo nyayo za wanadamu zaidi ya 400, zenye umri wa maelfu ya miaka. Ni wenyeji walioziona kwanza, ndipo wataalamu wakaja. Mwaka 2020 wataalamu walitoa maelezo kwamba miongoni mwa nyayo hizo liko kundi la watu 17 waliotembea pamoja kuelekea upande mmoja, na kwa kadiri walivyopima, wengi wao walikuwa wanawake, labda waliotoka pamoja kutafuta chakula. Akina mama wetu walisimama wakizitazama kwa muda mrefu. Mmoja akasema, "Hawa walikuwa kikundi." Tukacheka, lakini alikuwa amesema kweli. Hatujui majina yao wala walimwabudu nani. Tunachojua ni kwamba hawakutembea kila mtu peke yake.

Wapendwa, sasa turudi kwenye swali la mzee wetu. Je, safari ile ilikuwa halali, au ilikuwa anasa?

Iko namna ya kutazama ambayo kweli ni anasa, hata kama haikugharimu kitu. Ni kutazama kwa mtu anayefikiri kwamba alichokilipia kiingilio ni chake. Huyo hupita, huchukua picha, huondoka, na mahali pale hapamdai neno. Iko namna nyingine, ya mtu anayejua kwamba ni mgeni. Mgeni husalimia kwanza. Huongozwa, wala haongozi. Akipewa maji hushukuru, naye hujua kwamba amebeba deni, ambalo huenda asilipe kwa yule aliyempa bali kwa mwingine atakayebisha mlangoni kwake. Kutazama kwa namna hii ni sehemu ya imani. Katika Katekisimo Ndogo Martin Luther hutufundisha kukiri kwamba Mungu ametuumba pamoja na viumbe vyote, na hutupa yote tunayohitaji bila sisi kustahili. Tena, alipoeleza mkate wa kila siku, alihesabu ndani yake hata majirani wema. Maneno haya tumeyakariri tangu kipaimara. Siku ile tulisimama ndani yake hadi magotini.

Neno la Mungu linatupeleka mbali zaidi. Katika Mambo ya Walawi 25:23 Bwana anawaambia Israeli kwamba nchi ni yake, na wao wamo ndani yake kama wageni. Anawaambia hivyo watu wanaokaribia kupewa mashamba na visima! Maana yake, hata siku tukiwa kwetu, na hati miliki ikiwa kabatini, sisi bado ni wageni mezani pa mwingine. Safari ya Natron haikutufanya wageni. Ilitukumbusha kwamba ndivyo tulivyo.

Na Bwana wetu mwenyewe hakuona haya kuwa mgeni. Katika Yohana 4 anakaa kisimani akiwa amechoka, akamwomba maji mwanamke Msamaria, mtu wa kabila ambalo Wayahudi hawakuchangamana nalo. Aliye na maji ya uzima akaanza kwa kuomba maji ya kunywa. Kama angefika kwenye bomba letu mchana ule wa kiangazi, mgeni asiye na kadi ya usharika, angekuta kufuli.

Lakini tusiwe wepesi. Walioweka kufuli hawakuwa watu waovu. Bustani ilikanyagwa kweli, bomba lilivunjwa kweli, na bili ya umeme haina neema ndani yake. Mchungaji anayehubiri kwamba maji ni bure, halafu pampu ikazimwa kwa deni, amewanyima maji wote, maskini wa kwanza. Isaka pia alijua shida hii. Katika Mwanzo 26 tunasoma jinsi watumishi wake walivyochimba kisima wakagombaniwa, wakachimba cha pili wakagombaniwa tena, hata cha tatu ambacho hawakukigombania, naye akakiita Rehobothi, kwa kuwa Bwana amewapa nafasi. Upendo haukuondoa haja ya utaratibu. Swali ni utaratibu gani. Kufuli ni utaratibu, na zamu ni utaratibu. Tofauti yake ni kwamba kufuli huuliza, "Wewe ni wetu?" Zamu huuliza, "Wewe umefikiwa?" Ya kwanza huanza kwa kumtoa mtu, ya pili huanza kwa kumhesabu.

Tulifika Karatu karibu saa tano usiku. Wiki mbili baadaye baraza likakaa, na wakati wa mengineyo yule mzee akainua mkono. Hakutoa hotuba. Aliweka ufunguo mezani, akasema, "Naomba tujadili zamu." Kikao kile kilikuwa kirefu kuliko kile cha safari. Wako waliokasirika, na mmoja alituambia waziwazi kwamba tumeenda kutalii tukarudi na mawazo ya watalii. Mwishoni tulikubaliana hivi: asubuhi ni zamu ya kaya za jirani, bila kuuliza dhehebu; jioni, siku tatu kwa wiki, ni zamu ya wafugaji, na mifugo inyweshwe kwenye hori nje ya uzio. Kila kundi litoe mtu wake kwenye kamati, na kila kundi lichangie umeme kwa kadiri yake. Mzee wa wafugaji alipoitwa kwenye kamati, jambo la kwanza alilofanya ni kuleta vijana wake kutengeneza uzio ambao ng'ombe wao waliuvunja. Hakuna aliyemwagiza.

Tusidanganyane kwamba mambo yamekwisha. Mwezi mmoja mchango haukutosha, tukazima pampu siku nne. Wiki nyingine watu walisukumana kwenye foleni. Wako washarika ambao hadi leo huona kwamba tumewapa wengine kilicho chetu, nao tunaendelea kuwasikiliza, kwa maana nao wana zamu ya kusema. Paa la kanisa pia bado. Bati limefika nusu.

Siku moja tulimwuliza mzee wetu kama sasa anaona kwamba safari ile ilikuwa halali. Alifikiri, akasema, "Bado nadhani bati lingeanza." Kisha akasema kwamba akina mama wakienda tena, yeye ataenda, ila safari hii asalimie yeye kwanza.

Mpendwa msomaji, huenda usharika wako hauna bomba, lakini unayo kufuli mahali fulani: benchi, ukumbi, kaburi, sikio la mchungaji. Kabla hujaamua nani hastahili kupita hapo, nenda ukawe mgeni mahali pa mtu mwingine, hata kwa siku moja, hata kijiji cha pili. Salimia kwanza, fuata anayekuongoza, kunywa utakachopewa. Ukirudi, chukua ule ufunguo mkononi uutazame tena mbele za Mungu, aliye mwenyeji wetu sote.